Kumiliki Gari Hakumtoi Mtu Katika Tabaka la Wafanyakazi

Watu wengi bado humtambua mfanyakazi kwa macho: ovaroli, mafuta ya mashine mikononi, king'ora cha kiwanda. Katika sosholojia ya kazi, ambayo ndiyo taaluma yangu, alama hizo hazitufikishi mbali. Mimi huuliza ni nani anayepanga saa za mtu huyo, ni nani anayepanga bei ya jasho lake, na siku kazi inapokosekana hasara humwangukia nani.

Kipato nacho hudanganya. Fundi bomba mwenye karakana yake na vijana wawili aliowaajiri anaweza kushinda katika matope na bado akawa mwajiri, ilhali mhitimu wa chuo kikuu anayepokea simu za wateja wa benki husoma maneno aliyoandikiwa na mtu mwingine, na hata dakika anazokwenda msalani huhesabiwa na kompyuta. Kwa vigezo vyangu huyu wa pili ni mfanyakazi kamili, japo mwenyewe angependa aitwe mtu wa tabaka la kati. Wapo pia walio katikati kwelikweli, ambao Erik Olin Wright, mwanasosholojia wa Marekani aliyefariki mwaka 2019, alisema wako katika nafasi zenye mkinzano: msimamizi wa zamu huwaamrisha wenzake asubuhi, na jioni huulizwa yeye kwa nini lengo halikutimia.

Mgogoro mkubwa wa leo, hata hivyo, unawahusu madereva wanaopata kazi kupitia programu za simu. Kampuni huwaita washirika, kwa hoja kwamba gari ni lao, mafuta ni yao, na hakuna anayewalazimisha kuingia kazini. Hoja hiyo ina sura ya ukweli, lakini historia haiiungi mkono. Nchini Uingereza, kabla viwanda vikubwa havijaenea, wafumaji wengi walifumia nyumbani, baadhi yao kwa vitanda vya mfumi vyao wenyewe, na bado mfanyabiashara aliyewaletea nyuzi ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kuhusu malipo, kwa sababu ndiye aliyeshika njia ya kufikia soko. Mwenye programu leo ameshika njia hiyo hiyo. Hata malipo ya kila safari si jambo geni: mwaka 1867 Karl Marx alikwisha kueleza kwamba ujira wa kipande, yaani malipo kwa kila kazi iliyokamilika badala ya saa, humfanya mfanyakazi ajisukume mwenyewe, hivyo mwajiri akapungukiwa na haja ya kumsimamia.

Mahakama ya Juu ya Uingereza ilifuata mantiki inayokaribiana na hiyo mwezi Februari 2021, katika kesi ya madereva wa Uber. Majaji hawakuridhika na maneno ya mkataba. Walitazama ni nani aliyepanga nauli, ni nani aliyeandika masharti, na dereva aliyekataa safari nyingi alifanywa nini. Wakaamua kwamba madereva hao ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Hilo ni daraja la kati katika sheria ya nchi hiyo, baina ya aliyejiajiri na mwajiriwa, lisilo na haki zote za mwajiriwa wa kawaida, na wengi wanaoisifu hukumu ile hulisahau.

Tusidhani pia kwamba ajira ya kudumu yenye pensheni ndiyo iliyokuwa desturi ya dunia. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba watu bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya wote wenye kazi, wamo katika uchumi usio rasmi. Mkataba wa kimataifa wa kuwalinda wafanyakazi wa nyumbani ulipitishwa mwaka 2011 tu, ingawa kazi hiyo ni kongwe kuliko kiwanda chochote.

Ugumu uliobaki ni wa kuungana. Vyama vya wafanyakazi vilizoea lango moja ambalo kila zamu hulipita. Madereva wa programu hawana lango, hawajui idadi yao, na safari anayoikataa mmoja kwa mgomo hupewa mwenzake papo hapo. Ndiyo maana migomo yao hutegemea kuzima programu kwa pamoja, na ndiyo maana naliona dai la chama kuruhusiwa kuwafikia madereva wote walioandikishwa kuwa na uzito sawa na dai la nauli.