Mgombea wa msimamo wa kati ni nani, na mbona anaangukia kwenye kura za maoni?

Ukifuatilia siasa za Marekani utalisikia sana hili neno, mgombea wa msimamo wa kati, na wengi wanadhani ni mtu asiye na msimamo, hapana. Ni mtu wa chama kabisa ila kwenye mambo kadhaa anakubaliana na upande wa pili, mfano Mrepublican anayetetea haki ya kutoa mimba au anayetaka bunduki zidhibitiwe.

Shida yake inaanzia kwenye kura za maoni, yaani kura za kumchagua atakayesimama kwa niaba ya chama (Kenya wanaita mchujo), manake wanaojitokeza kule ni wachache na wengi wao ni wakereketwa.

Chukua jimbo la Delaware 2010. Mike Castle alishakuwa gavana, alikuwa bungeni tangu 1993, akataka useneta kupitia Republican, akaangushwa na Christine O'Donnell aliyebebwa na Tea Party, vuguvugu la wahafidhina wakali. Kura zote za siku ile hazikufika elfu 60, na kule kama hujajiandikisha kwenye chama hupigi, kwahiyo wasio na chama na Wademokrati waliomkubali Castle walibaki nje. Novemba, kwenye uchaguzi mkuu, wakapiga watu zaidi ya laki 3, O'Donnell akaambulia kama asilimia 40 tu, kiti kikaenda kwa Mdemokrati Chris Coons. Yaani chama kilimtupa mtu ambaye wananchi walikuwa wanamtaka, mimi hii inaniuma hata kama sio nchi yangu.

Ila sio kila mara. Biden 2020, akitafuta tiketi ya urais ya Democratic, alianza vibaya kwenye majimbo ya mwanzo, Iowa na New Hampshire, akaja kuokolewa South Carolina na wapiga kura weusi, ambao ndo uti wa mgongo wa Democratic kule na wengi wao ni watu wa kati wenyewe.

Alaska sasa ndo inanifurahisha. Lisa Murkowski, seneta wa Republican wa msimamo wa kati, alishindwa na Joe Miller kwenye kura za maoni hiyohiyo 2010, akagoma kwenda nyumbani, akaomba watu waandike jina lake kwa mkono kwenye karatasi ya kura. Jina lenyewe gumu, timu yake ikagawa bangili zenye jina lake ili mtu asikosee herufi. Akashinda, kitu ambacho kwenye useneta kilikuwa hakijatokea tangu 1954! Baadaye, 2020, wana-Alaska wakapitisha utaratibu mpya, wagombea wa vyama vyote wanapigiwa pamoja, wanne wa juu wanaenda Novemba na huko unawapanga wa kwanza, wa pili, kuendelea. 2022 Trump alimuunga mkono mpinzani wa Murkowski, Kelly Tshibaka, ila Murkowski akapita tena, safari hii jina limeshachapwa.