Vita ya masoko: Frankfurt ilivyoipora London biashara ya Bund

Watu wengi wanadhani soko la mitaji ni kitu kama wizara, lipo tu, halina mpinzani. Hapana jamani, soko nalo ni biashara na linaweza kuporwa wateja, na mfano ninaoupenda mimi ni wa London na Frankfurt miaka ya 90.

Bidhaa yenyewe ilikuwa fyucha za Bund, yaani mikataba ya kununua au kuuza hatifungani (hati za mkopo) za serikali ya Ujerumani kwa bei mnayokubaliana leo ila makabidhiano ni baadaye. Kichekesho ni kwamba ilianzia London kwenye soko la LIFFE, 1988, wala sio Ujerumani. Pale madalali walivaa majaketi ya rangi, wanapigiana kelele na kupeana ishara za mikono. Wajerumani wakaja na soko lao la Frankfurt, DTB, 1990, halina ukumbi, kila kitu kwenye kompyuta. Unadhani London walishtuka? Wapi! Hadi katikati ya miaka ya 90 bado walishika kama asilimia 70 ya biashara.

Siri ni ukwasi. Dalali anaenda penye wanunuzi na wauzaji wengi maana huko anauza chap na bei haimuumizi, sasa kama wote wako London wewe uende Frankfurt ukauziane na nani? Ni kama abiria na daladala, wanakimbilia lile linalokaribia kujaa.

DTB wakashusha ada, halafu kuanzia 1996 kanuni za Ulaya zikawaruhusu kuweka skrini zao nchi nyingine, Chicago kule Marekani nako wakaruhusiwa, kwa hiyo dalali yuko zake London, hajanyanyuka kwenye kiti, anafanya biashara ya Frankfurt. Huku LIFFE wanapanga kujenga ukumbi mpya mkubwa zaidi eneo la Spitalfields, hapo hapo London! Mwishoni mwa 1997 pande mbili zikawa zinakaribiana, na ilipofika katikati ya 1998 karibu biashara yote ya Bund ilishahamia Frankfurt, maana ukwasi ule ule uliokuwa unawalinda London uligeuka, kila aliyehama alimpa mwenzie sababu ya kuhama.

Mpango wa Spitalfields ukafa, LIFFE wakahangaika na mfumo wao wa kompyuta, na 2002 wakanunuliwa na Euronext. DTB wao walishaungana na soko la Uswisi tangu 1998 wakawa Eurex, na Bund iko kwao mpaka leo.