Je, wajua kwa nini gamba la kirusi hujitanua likiwa bado linapakiwa?

Mwambie fundi akujengee ghala ambalo, likishajazwa mahindi theluthi moja, kuta zake zitajisogeza nje zenyewe, zitakuwa nyembamba kuliko mwanzo, na bado zitabeba mzigo mzito zaidi. Atakuuliza kama umelala vizuri. Kumbe ghala la namna hiyo lipo, na hujengwa ndani ya bakteria.

Mfano unaojulikana sana ni kirusi kiitwacho lamda, alichokigundua Mmarekani Esther Lederberg mwaka 1950. Lamda hakina shida na binadamu. Windo lake ni E. koli, bakteria anayeishi utumbuni mwetu. Kirusi chenyewe ni uzi wa DNA uliofungiwa ndani ya gamba la protini, na mkia wa kuuingizia uzi huo ndani ya bakteria mwingine. Uzi una jozi 48,502 za herufi za vinasaba, na ukinyooshwa unafikia maikrometa 16 na ushei. Gamba lina upana wa nanometa 60 hivi.

Namba hizo hazisemi kitu mpaka uzikuze. Gamba likiwa mpira wa miguu, DNA ni kamba nene kama penseli, urefu wake mita 60. Kamba yote hiyo iingie ndani ya mpira kupitia tundu moja, na ikifika wakati wa kutoka itoke bila kufungana fundo. Tena kamba haipendi kukunjwa, na mwili wake wote umebeba chaji hasi, kwa hiyo kila mkunjo unausukuma mwenzake. Hii ni lumbesa hasa, na aliyeshindilia gunia la mkaa anajua mshono unavyolia. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa PSI 30 hivi. Gamba lililojaa DNA linabeba mgandamizo unaozidi huo zaidi ya mara kumi.

Kazi ya kushindilia hufanywa na mota ya protini iliyokaa mlangoni, inayoivuta DNA kwa kuchoma ATP, nishati ileile inayokunja misuli yako. Mwaka 2001 watafiti wa Berkeley, Marekani, waliishika ncha ya DNA ya kirusi kingine, phi29, kwa miale ya leza, wakawa wanaivuta nyuma huku mota ikivuta mbele. Mota ilifikia nguvu ya pikonewtoni 57, na kwa kitu kidogo kiasi hicho ni ubabe wa ajabu.

Sasa, ukijua shehena itasukuma hivyo, si ujenge ukuta mgumu tangu siku ya kwanza? Hapo ndipo penye utamu.

Gamba la lamda lina vipande 415 vya protini moja, na hakuna fundi wa kuvipanga. Vinaelea ndani ya bakteria, vinagongana, vinashikana. Vingekuwa vinagandana kabisa kwa mguso wa kwanza, kosa moja lingebaki humo daima, na gamba lingetoka kombo. Kwa hiyo vinashikana kwa kulegea, kipande kilichokaa vibaya kinabanduka na kujaribu tena. Fundi cherehani anaielewa busara hii: hupiga bandi kwanza, akaitazama nguo ilivyokaa, ndipo apitishe mashine. Lakini nguo ya bandi huwezi kuivaa ukalime nayo. Mishikano inayofaa kwa kujenga haifai kwa kubeba, na kirusi kinataka yote mawili kwenye gamba lilelile.

Ndiyo maana linajengwa kwanza gamba changa: dogo, la mviringo, lenye kuta nene zilizojaa mabonde, na ndani yake kiunzi cha protini kinachofanya kazi ya mirunda chini ya zege bichi. Gamba likikamilika, kimeng'enya kilichofungiwa humohumo kinakikata kiunzi vipande vipande, navyo vinatoka nje. Mota inafika mlangoni, DNA inaanza kuingia.

Kwa lamda, gamba linapanuka pale ambapo karibu asilimia 30 ya DNA imeshaingia. Nafasi ya ndani inakaribia kuongezeka maradufu bila kuongezwa hata kipande kimoja. Vipande vilevile vinageuka, vinajinyoosha na kulala bapa, kama mkunjo wa kitambaa unavyotandazwa. Mviringo unakuwa umbo lenye nyuso 20 na pembe 12, mojawapo ya pembe hizo ikiwa ndiyo mlango.

Wengi hudhani DNA inalisukuma gamba mpaka linavimba kama puto. Sivyo. Asilimia 30 ni mapema mno, uzi bado una nafasi ya kujinyoosha. Ushahidi mzuri zaidi unatoka kwa binamu wa lamda aitwaye HK97, kirusi kilichopatikana Hong Kong (katika mavi ya nguruwe, kama unataka kujua). Magamba yake machanga yakitiwa kwenye maji yenye asidi yanapanuka yenyewe, yakiwa matupu kabisa. Maana yake, nguvu ya kupanuka ilikuwa imeshahifadhiwa ndani ya vipande tangu wakati wa kujenga, mithili ya mtego wa panya uliotegwa. DNA ikiingia inaufyatua tu.

Na mtego ukishafyatuka, harudi mtu nyuma. Katika HK97 ukuta unapungua kutoka nanometa 5 hivi hadi 2, kisha kila kipande kinajifunga kwa jirani yake kwa kifungo halisi cha kikemia. Vifungo hivyo vinaunda pete, na pete zinapitana ndani ya pete nyingine kama deraya za askari wa kale. Watafiti walianza kushuku jambo hili kwa sababu ya kero ya maabara: waliyachemsha magamba hayo pamoja na sabuni kali, protini ikagoma kuachana. Picha ya eksirei iliyotolewa mwaka 2000 ikazionyesha pete zenyewe.

Lamda hakina pete. Chenyewe hungoja gamba litanuke, ndipo protini ya pili, iitwayo D, ije kubana viungo kwa nje kama rivet. Ukikinyima protini hiyo, kinaweza kubeba DNA iliyopunguzwa urefu, lakini ukikipa uzi mzima gamba linashindwa kuuhimili.

Ufundi huu hauko kwa virusi vya bakteria peke yake. Virusi vya jamii ya hepesi, wakiwemo wa tetekuwanga na mkanda wa jeshi, wana vipande vya gamba vilivyokunjwa kwa mtindo uleule, gamba changa la mviringo linalopata pembe baadaye, na mota mlangoni. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha letermoviri, dawa ya kumkinga mgonjwa aliyepandikizwa uboho dhidi ya mmoja wa jamii hiyo, sitomegalo. Dawa hii hailigusi gamba. Inaizuia mota, na DNA inabaki nje.