Je, Wajua Wakusanyaji Hutambuaje Kwamba Winchester ya Kale ni Adimu?

Chukua bunduki mbili za Winchester za mfano wa 1894, zilizotengenezwa katika kiwanda kimoja mjini New Haven, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, kisha uzilaze mezani. Asiyezijua ataziona pacha. Mkusanyaji ataona kwamba mtutu wa ya kwanza ni mviringo toka mwanzo hadi mwisho, ilhali mtutu wa ya pili una pembe nane upande wa nyuma na ni mviringo upande wa mbele. Ataona pia kwamba bomba la risasi la hiyo ya pili linaishia njiani badala ya kufika mdomoni mwa mtutu, na kwamba kifyatulio chake husukumwa mbele kwanza ili baadaye kifyatue kwa mguso mwepesi. Kwa tofauti hizo, ya pili inaweza kuuzwa kwa bei iliyo mara kadhaa ya mwenzake. Swali ni hili: mkusanyaji anajuaje kwamba mambo hayo matatu ni adimu kweli, na si kwamba yeye tu hajawahi kuyaona?

Bunduki za jamii hii huitwa za wenzo kwa sababu chini ya kifyatulio kuna kitanzi cha chuma cha kuingiza vidole. Ukikisukuma chini na kukirudisha juu, ganda la risasi iliyokwisha kulipuka hutoka, risasi mpya huingia mahali pake na nyundo hubaki imevutwa, tayari kwa mlio wa pili. Benjamin Tyler Henry alipata hataza ya bunduki yake ya namna hii mwaka 1860, akiwa mfanyakazi wa Oliver Winchester, mtu aliyekuwa ametajirika kwa kutengeneza mashati. Baadaye ikaja mifano ya 1866, 1873 na 1876, kisha ile iliyobuniwa na John Moses Browning, yaani ya 1886, 1892, 1894 na 1895. Mfano wa 1894 peke yake uliuzwa kwa zaidi ya bunduki milioni 7 hadi kiwanda cha New Haven kilipofungwa mwaka 2006. Kitu kilichotengenezwa kwa mamilioni kingewezaje kuwa adimu?

Jibu limo katika namna zilivyouzwa. Mwishoni mwa karne ya 19 mnunuzi hakulazimika kuchukua bunduki iliyo rafuni. Katalogi ya kampuni iliorodhesha bunduki ya kawaida na bei yake, kisha ikaorodhesha nyongeza, kila moja na bei yake: mtutu mrefu au mfupi kuliko kawaida, kitako bapa badala ya kile kilichopinda kama hilali, mti wa mjozi wenye mishipa ya kupendeza, nakshi za kuchongwa kwa mkono, au mtutu unaofunguliwa kutoka kwenye mwili wa bunduki ili vipande viwili viingie ndani ya sanduku la safari. Wengi walichukua ya kawaida, kwa sababu mchunga ng'ombe au mkulima alihitaji chombo cha kazi. Wachache waliagiza nyongeza moja au mbili. Waliotaka nyingi kwa pamoja walikuwa wachache zaidi.

Maagizo hayo yaliandikwa kwa mkono katika madaftari ya kiwanda, na sehemu kubwa ya yaliyosalia imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya silaha mjini Cody, katika jimbo la Wyoming. Mwenye bunduki hupeleka nambari yake ya mfululizo, akalipa ada, naye akapata barua inayoeleza jinsi bunduki hiyo ilivyokuwa siku ilipoingia ghalani na siku ilipotoka. Barua hiyo ndiyo kinga kubwa dhidi ya udanganyifu: ikiwa daftari linasema mtutu wa mviringo na bunduki iliyo mkononi ina mtutu wa pembe nane, basi kuna mtu aliyeubadilisha, iwe kwa nia njema ya kuitengeneza au kwa nia ya kumghilibu mnunuzi.

Hata hivyo madaftari hayatoshi. Baadhi yamepotea kabisa. Kwa mifano ya 1892 na 1894, kumbukumbu zilizopo hukoma kabla ya bunduki ya 400,000, ingawa ya 1892 ilivuka milioni 1 na ya 1894 ikaendelea kwa karne nzima. Tena mwandishi wa ghala hakuandika kila kitu: aliandika yale yaliyoagizwa zaidi ya kawaida, akayaacha mabadiliko madogo ambayo kiwanda kilikuwa kikiyafanya chenyewe mwaka hadi mwaka. Isitoshe, nambari haifuati tarehe kwa uaminifu. Kipande cha chuma kiligongwa nambari, kikakaa ghalani, na pengine kikaunganishwa na mtutu baada ya vipande vingine vyenye nambari kubwa zaidi kwisha kuuzwa.

Hapo ndipo sensa ya wakusanyaji inapoanza. Mtu mmoja au kikundi hukusanya kwa miaka mingi nambari za bunduki za mfano mmoja, kutoka minadani, katika maonyesho na kwa wamiliki wenyewe, na kwa kila nambari huandika urefu wa mtutu, umbo lake, aina ya kitako, maandishi yaliyogongwa juu ya chuma na hata umbo la skrubu. Nambari zikipangwa kwa mfuatano, badiliko ambalo halikuandikwa popote huonekana lenyewe. Kwa mfano wa 1895, bunduki za mwanzo, takriban 5,000, zina mwili wenye ubavu bapa, na baada ya hapo ubavu huo una ngazi na mikunjo. Ukiziona nambari zimepangwa, mpaka baina ya aina hizo mbili unakuwa dhahiri.

Sensa ya namna hii ina mitego miwili, na kwa maoni yangu wauzaji wengi huinyamazia. Wa kwanza ni wa hesabu. Tuseme nyongeza fulani imeonekana katika bunduki 1 kati ya 100, na nyongeza nyingine vivyo hivyo. Muuzaji atazidisha na kutangaza kwamba bunduki yenye zote mbili ni 1 kati ya 10,000. Hesabu hiyo ni sahihi tu ikiwa nyongeza hizo hazihusiani, nazo huhusiana sana: aliyekuwa na fedha ya kulipia kifyatulio chepesi ndiye huyo huyo aliyelipia mtutu wa pembe nane na mti wa thamani. Njia ya haki ni kuhesabu bunduki zenye mambo yote hayo kwa pamoja, hata kama jibu litapunguza bei.

Mtego wa pili ni mgumu zaidi kuukwepa. Mwenye bunduki ya ajabu hujitokeza upesi kuitangaza, na mwenye bunduki ya kawaida huona hana la kusema. Kwa hiyo sensa hujaa za ajabu, na nyongeza iliyokuwa adimu huonekana ya kawaida kuliko ilivyokuwa kiwandani. Pale madaftari yalipobaki, kosa hilo linaweza kupimwa kwa kulinganisha; pale yasipokuwepo, mhesabuji hubaki na busara yake.

Kisa cha uadimu kinachojulikana zaidi ni cha bunduki za mfano wa 1873. Kiwanda kilichagua mitutu iliyopiga shabaha vizuri kupita kiasi, kikaitengenezea bunduki zilizopambwa na kuandikwa kwamba kila moja ni moja katika elfu, kwa bei ya dola 100. Kati ya bunduki zipatazo 720,000 za mfano huo, za daraja hilo hazikuzidi 140, na za daraja la chini yake, moja katika mia, zilikuwa 8 tu. Mwaka 1950, kampuni ya Universal ilipoitangaza filamu ya Winchester '73, iliendesha msako wa bunduki hizo nchini Marekani, na kadhaa zilizokuwa hazijulikani zikaibuka. Lilikuwa tangazo la biashara, lakini likafanya kazi ya sensa.

Kuna pia tofauti kati ya kutengenezwa kwa uchache na kusalia kwa uchache. Kati ya bunduki takriban 426,000 za mfano wa 1895, karibu 294,000 zilipelekwa Urusi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa idadi iliyotengenezwa hizo ndizo nyingi kuliko zote, lakini nyingi ziliishia vitani, na leo mkusanyaji wa Marekani huzipata kwa shida. Ni mfano huo huo wa 1895, wenye risasi za kipimo cha .405, ambao Theodore Roosevelt alikuja nao Mombasa mwezi Aprili 1909 kwa msafara wake wa kuwinda, na aliuthamini hasa kwa simba.

Sheria nayo hupunguza zinazosalia. Bunduki fupi zilizoagizwa na mitutu ya inchi 14 au 15 ziliingia katika masharti ya usajili ya sheria ya silaha ya Marekani ya mwaka 1934, na iliyosalia bila kuguswa leo huhitaji hati ya serikali inayoitaja kwa nambari kabla ya kumilikiwa kama kitu cha kale cha kawaida.

Ndiyo maana wanaoendesha sensa hizi kwa uangalifu hurudia ombi moja kwa wamiliki: iandikisheni pia ile ya mtutu wa mviringo wa inchi 20, isiyo na nakshi, yenye pete ya kufungia kwenye tandiko la farasi na kitako kilichokwaruzwa, iliyoegemezwa nyuma ya mlango wa banda tangu enzi za babu. Bila hiyo, hakuna mtu atakayejua ile yenye nakshi ni moja katika ngapi.