Lasix haiyeyushi mafuta

Jumatatu mama muuza ndizi wa soko la Mbuyuni, hapa Moshi, aliniwekea mezani karatasi tatu tupu za Lasix, vidonge vya kukojosha maji. "Daktari, miezi minne nameza, miguu iko pale pale." Ni wa tatu mwezi huu. Nimechoka na hii imani kwamba kila mguu mnene umejaa maji.

Huyu ana lipidema, na lipidema ni ugonjwa wa mafuta yanayojikusanya miguuni, si wa maji. Nilimbonyeza juu ya kifundo kwa dole gumba, nikahesabu hadi ishirini, nikaachia: hakuna shimo. Ila alishtuka kwa maumivu, na mapajani ana mabaka ambayo hakumbuki alijigonga wapi. Unene unakomea kifundoni kana kwamba pamefungwa kamba. Chini yake mguu ni mwembamba, kandambili inapwaya. Matende hayauachi mguu hivyo.

Lasix huzuia figo kurudisha chumvi mwilini; chumvi ikitoka, maji huifuata. Mafuta hayapiti njia hiyo. Mizani ikishuka kilo moja, hiyo ni lita moja ya mkojo, na akinywa maji inarudi. Potasiamu nayo inapotea: usiku vigimbi vinamkaza hadi anaamka akilia.

Linaloniudhi zaidi ni hili. Jioni kandambili hiyo hiyo inambana, na hapo ndipo kila mtu husema, "si unaona, maji!" Kumbe anameza amlodipini ya presha. Dawa hiyo hutanua mishipa midogo ya damu, maji yanavuja na kutulia kifundoni. Figo hazina kosa, ndiyo maana Lasix haisaidii sana hata hapo. Dawa moja imevimbisha, ya pili ikaongezwa kufukuza uvimbe, na mafuta yapo palepale. (Aliyepewa Lasix kwa ajili ya moyo au figo asiiache.)

Dawa iliyoidhinishwa kwa lipidema haipo. Metformini, dawa ya kisukari, niliwahi kumwandikia mgonjwa mmoja wa lipidema: tumbo lilipungua, miguu haikupungua, na sijaamua kama nitarudia. Semaglutidi hupunguza uzito, lakini bei yake siwezi kumtajia muuza ndizi. Soksi za kubana hupunguza maumivu. Nazo nasita ninapomwona mtu atakayeketi juani kutwa mwezi wa Februari.

Lasix nimemwachisha. Amlodipini nimembadilishia losartani, dawa nyingine ya presha. Atarudi baada ya wiki mbili, na nimemwomba aje jioni, na kandambili zile zile.