Kila Mtu Ana Sukari

"Namshukuru Mungu, mimi sina sukari." Kauli hii utaisikia kwenye foleni ya kupima afya, na msemaji humaanisha hana kisukari. Haina ubaya, ila imezaa imani kwamba sukari kwenye damu ni uchafu wa kuondolewa. Asiye nayo kabisa hayuko foleni, ni marehemu. Mtu mzima mwenye afya, kabla ya chai ya asubuhi, ana takriban gramu 5 tu katika damu yake yote, kama kijiko kimoja cha chai, na ubongo unakula humo usiku na mchana.

Kijiko hicho kina walinzi. Ukila wali, sukari hupanda, kongosho humwaga insulini, nayo huisukuma sukari ndani ya misuli na kuiweka akiba kwenye ini. Ukikaa na njaa, kongosho lilelile hutoa glukagoni, homoni inayoliamuru ini lifungue ghala. Kwa hiyo hoja ya "sili vitamu, sukari yangu itapandaje?" haina mashiko. Ugali nao huishia kuwa sukari tumboni. Tena kwa mgonjwa, ini huweza kumwaga sukari usiku kucha, akaamka na kipimo cha juu ilhali hajatia kitu kinywani.

Halafu kuna sisimizi. "Hawaji kwenye mkojo wangu, niko salama." Waliobuni kipimo hiki hawakuwa wajinga, maana mkojo wenye sukari huwavutia kweli. Shida ni kwamba wanachelewa. Figo huchuja sukari kisha huirudisha yote kwenye damu, na kwa watu wengi huanza kuelemewa sukari ya damu inapofika kama 10 (mmol/L) kwenye mashine ya kupimia. Daktari, kwa aliyelala bila kula, huanza kutaja kisukari kwenye 7. Kati ya 7 na 10 mtu anaweza kuumwa miaka asimwone sisimizi hata mmoja.

Sukari ikishavuka figo huvuta maji, mkojo hujaa, kiu hufuata. Wanaomwambia mgonjwa apunguze maji kwa sababu anakojoa sana wanamkausha bure.

Inayonitisha zaidi ni hii: "Ana sukari huyo, msimpe kitu kitamu!" Mtu anayechoma insulini, akichelewa kula, sukari huweza kushuka chini ya 4. Atatetemeka, atatoka jasho jembamba, ataongea ovyo kama mlevi. Hapo dawa ni sukari yenyewe: vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, au soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Baada ya dakika 15 apimwe tena. Ikiwa bado iko chini, apewe nyingine, na ikikaa sawa ale chakula. Akiwa hajitambui msimmiminie chochote mdomoni, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali.