Picha ya Dar isiyo na rangi si lazima iwe ya enzi za Mjerumani

Kuna ile picha ya zamani ya Dar inayowekwa pembeni ya picha ya sasa, na watu wengi wakiona haina rangi wanaamini moja kwa moja ni enzi za Mjerumani. Inaeleweka kabisa, picha za enzi hizo kweli hazikuwa na rangi. Ila filamu za blakendiwaiti ziliendelea kutumika hapa mpaka baada ya uhuru, miaka ya sabini bado studio zinapiga, kwahiyo rangi peke yake haikupi mwaka.

Angalia vitu vilivyomo kwenye picha. Ukiona sanamu ya Askari pale Samora, yule mwanajeshi wa shaba na bunduki yenye singe ameielekeza bandarini, jua picha ni ya 1927 au baada ya hapo, maana ndo iliwekwa mwaka huo na Mjerumani alishatoka Dar tangu 1916. Soko kubwa la Kariakoo lenye yale mapaa ya zege kama miamvuli iliyogeuzwa juu chini ni la miaka ya 1970. Lile kanisa la Kilutheri la Kivukoni sasa, limekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900, kwahiyo lenyewe halikusaidii sana kujua mwaka, bora uzumu kwenye magari, nguo na mabango ya maduka. Halafu itafute hiyo picha mtandaoni kwa kutumia picha yenyewe, mara nyingi utakuta kopi ya zamani zaidi yenye maelezo ambayo waliosambaza waliyakata.